Maboksi Juu ya Kabati: Kwa Nini Wapenzi wa Modeli Hununua Wasichoweza Kumaliza

Tuanze na hesabu. Chukua mpenzi wa modeli za plastiki, yaani ndege, magari na vifaru vidogo vinavyouzwa kwa vipande ili mtu aviunde mwenyewe. Anaishi South B, Nairobi, mwenye kazi ya kuajiriwa na watoto wawili. Kila mwezi ananunua boksi moja: mwezi huu ndege, mwezi ujao kifaru cha vita, unaofuata gari la mashindano. Anaunda kwa makini, kwa hiyo anamaliza modeli 3 kwa mwaka, na hiyo ni kasi ya kuheshimika. Baada ya miaka 5 amenunua 60 na ameunda 15. Zile 45 ziko juu ya kabati, chini ya kitanda na nyuma ya kochi. Akiacha kununua leo, atahitaji miaka 15 kuzimaliza. Na leo hataacha.

Jirani akiyaona maboksi hayo husema ni uvivu. Mke husema ni tamaa, na pengine yeye yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini mvivu hapigi msasa ukingo wa bawa la ndege hadi saa sita usiku, na mwenye tamaa ya vitu angenunua vitu ambavyo wageni wataviona. Ukitaka kuelewa rundo hilo lilitoka wapi, lazima ukubali jambo moja: hakuna siku mtu huyu aliketi akaamua kumiliki modeli 45 ambazo hazijaguswa. Aliamua mara 60, boksi moja kwa wakati, na kila mara alikuwa na sababu ambayo hata wewe ungeielewa. Rundo lenyewe halikuamuliwa na mtu.

Sababu ya kwanza inatoka kiwandani. Modeli ya plastiki hutengenezwa kwa kuyeyusha polistirini, kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kuiacha ipoe. Kinachotoka ni fremu bapa zenye vipande vilivyoshikiliwa na vijiti vyembamba: nusu ya kiwiliwili cha ndege hapa, gurudumu pale, usukani mdogo kuliko punje ya mchele. Kuchonga kalibu hizo hugharimu mamilioni ya shilingi, na mashine ni chache kuliko kalibu. Kwa hiyo hakuna kampuni inayotoa modeli zake zote kila siku kama mkate. Kiwanda hutoa mzigo wa mara moja, kalibu inarudi stoo, mashine inapewa kalibu nyingine. Modeli uliyoiona dukani leo inaweza kurudi baada ya miaka 2, au 10, au isirudi kabisa, na hakuna atakayekutangazia mapema.

Wapenzi wa modeli wana kumbukumbu ndefu kuhusu hilo. Kampuni ya FROG ya Uingereza ilifikia mwisho mwaka 1976, na kalibu zake nyingi zikaishia Muungano wa Kisovieti. Airfix, jina linalojulikana kuliko yote katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, iliporomoka mwaka 1981. Ikaporomoka tena Agosti 2006 pale Humbrol, kampuni ya rangi iliyokuwa ikiimiliki, ilipofilisika huku kalibu zikiwa Ufaransa kwa kampuni ya modeli ya Heller, ambao nao walikuwa na shida zao za pesa. Hornby, kampuni ya Uingereza ya treni za kuchezea, waliinunua Airfix Novemba mwaka huohuo na mambo yakarudi kuwa sawa polepole. Lakini mtu aliyepitia miezi ile hasahau. Ukimwambia leo kwamba modeli fulani ipo na bei ni nzuri, hasikii neno “nunua”. Anasikia “wahi”.

Hofu hiyo ina gharama yake. Airfix ilitoa ndege ya Vulcan ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mwaka 1983, ikaja kuwa adimu, na waliokuwa nayo wakaiweka kama shamba la urithi. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ikatoa Vulcan mpya kabisa, kalibu mpya, vipande vinavyokaa vizuri kuliko vya zamani. Aliyeficha ile ya 1983 miaka yote hiyo akajikuta na boksi kubwa ambalo hakuna anayelitaka, na yeye mwenyewe sasa anataka ile mpya. Kwa hiyo anainunua. Rundo linaongezeka kwa sababu zilezile zilizopaswa kulipunguza.

Kuna jambo la pili ambalo halitajwi sana: kununua kumezidi kuwa haraka huku kuunda kukizidi kuwa polepole. Mwaka 1952 Airfix walitoa merikebu ya Golden Hind, ikauzwa ndani ya mfuko wa plastiki katika maduka ya Woolworths huko Uingereza kwa shilingi 2 za wakati ule. Mwaka uliofuata ikaja ndege ya kivita ya Spitfire. Mtoto alinunua Jumamosi kwa pesa za kupewa, akabandika vipande vichache jioni ile, na kufikia Jumapili ndege inaning’inia kwa uzi darini. Rundo lisingeweza kuzaliwa, kwa sababu pesa ziliisha kabla ya muda.

Sasa tazama Spitfire ambayo Tamiya wa Shizuoka, Japani, walitoa mwaka 2009 kwa kipimo cha 1/32. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11 na kidogo kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hii ni sentimita 35. Ina mamia ya vipande, na injini inayoonekana ukiondoa vifuniko. Modeli ya aina hii haianzi na mabawa. Inaanza na chumba cha rubani, kwa sababu ukishafunga nusu mbili za kiwiliwili hutapaingia tena. Utapaka kijani cha ndani, utasubiri kikauke, utachora vyombo vya dashibodi kwa brashi yenye nywele chache, utapitisha rangi nyembamba nyeusi kwenye pembe ili kivuli kionekane. Jioni tatu au nne zimekwenda na bado huna kitu kinachofanana na ndege. Ukifunga kiwiliwili, unajaza ufa wa kiungio, unapiga msasa, unamulika kwa tochi, unaona ufa bado upo, unajaza tena. Anayeunda sasa ni mtu mzima mwenye mshahara, na kwake muda huisha kabla ya pesa. Kununua ni simu na M-Pesa, dakika tano ukiwa kwenye foleni ya Mombasa Road. Kuunda ni jioni za miezi miwili, ukibahatika.

Hapo ndipo akili inapotudanganya kwa namna ambayo watafiti wameipima. Mwaka 2005 Gal Zauberman na John Lynch walionyesha kwamba watu huamini watakuwa na nafasi zaidi siku zijazo kuliko sasa, na imani hiyo ni kubwa zaidi kwa upande wa muda kuliko pesa. Tunajua mwezi ujao kodi ya nyumba itakuwepo. Hatujui, au tunakataa kujua, kwamba mwezi ujao kutakuwa pia na harusi, matanga, kikao cha wazazi shuleni na kazi ya ofisini iliyoletwa nyumbani. Anayenunua boksi hamnunulii mtu wa leo aliyechoka. Anamnunulia yule wa Desemba, ambaye kwa mawazo yake atakuwa na likizo, meza safi na nyumba tulivu.

Hata anayejaribu kukadiria kwa uangalifu hukosea. Katika utafiti wa Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao waliulizwa wangemaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Waliombwa pia wakadirie ikiwa kila kitu kingeenda vibaya, wakasema takriban 49. Zilipita zaidi ya 55. Kwamba ukweli ulikuwa mbaya kuliko hata ubaya waliouwazia ni jambo ambalo kila mwenye modeli iliyokwama kwenye msasa atalitambua bila kusoma utafiti wowote.

Kuna pia kazi ya Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyetenganisha kutaka na kufurahia: ubongo una njia moja ya kukusukuma kukitafuta kitu na nyingine ya kukionja ukishakipata, na hizo mbili haziendi pamoja kila mara. Sitakawia kwenye hilo. Maelezo ya ubongo hupendwa mno na watu wanaotaka kusema “si mimi, ni kemikali”, na kwa mkazi wa Nairobi kuna maelezo yaliyo karibu zaidi.

Maelezo hayo ni mzigo, yaani jinsi bidhaa inavyofika. Hapa mjini modeli ya mtu mzima haikai kwenye rafu ikikusubiri. Mara mojamoja utaikuta duka la vitu vya watoto katika jumba la maduka, au ndani ya rundo la midoli ya mitumba Toi ikiwa na fremu moja pungufu. Mengi huagizwa nje. Na ukiagiza nje unagundua kwamba kuleta boksi moja kunaweza kukugharimu kama boksi lenyewe, kisha kuna ushuru wa forodha, na juu yake VAT ya asilimia 16. (Katika mpangilio wa kimataifa wa forodha, modeli hizi ziko chini ya namba 9503, nyumba moja na wanasesere, baiskeli za watoto za magurudumu matatu na michezo ya kupanga picha. Jaribu kueleza hilo kwa mzee anayejenga manowari ya Yamato.) Kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu anayeagiza moja. Anaagiza tano, au wanachanga watu watatu wapate nafasi ndani ya kontena la mtu, ili gharama ya usafiri igawanyike.

Au anamsubiri mtu. Shangazi anarudi kutoka London Desemba, binamu anakuja likizo kutoka Marekani, na kuna kilo chache zimebaki kwenye begi. Nafasi hiyo haitarudi hadi mwaka mwingine. Unajaza. Modeli huingia Nairobi kwa mafungu, kama watu wanavyosafiri, ilhali kuunda kunaendelea kijiti kwa kijiti mwaka mzima. Mahali ambapo bidhaa haiji mara kwa mara, kila anayeitumia huweka akiba. Muulize fundi wa kompyuta au mshonaji anayetumia zipu za rangi adimu; nao wana droo zao.

Lakini mambo yanakuwa ya kuchekesha unapofika kwenye rangi. Plastiki kavu hupita kila uwanja wa ndege. Rangi nyingi za modeli, na ile gundi nyepesi inayoyeyusha kidogo kingo mbili zishikane, zina viyeyusho vinavyoshika moto, na posta na mashirika ya ndege yanaziweka kwenye orodha ya mizigo ya hatari. Shangazi atakuletea ndege nne na hatakuletea kichupa kimoja cha rangi yake. Rangi za maji, kama zile za Vallejo kutoka Uhispania, husafiri kwa urahisi zaidi, ingawa kuzipata zote unazotaka kwa pamoja ni bahati. Kwa hiyo boksi linafika, linafunguliwa, linanuswa, linasomwa maelekezo hadi ukurasa wa mwisho, kisha linafungwa likisubiri rangi.

Waliochoka kusubiri huenda Kirinyaga Road, kwa wachanganyaji wa rangi za magari. Mazungumzo huwa hivi:

“Boss, ni gari gani?”

“Si gari. Ni ndege.”

“Ya Wilson?”

“Ndogo. Inakaa mkononi.”

Kimya kidogo. “Sasa hii nusu lita utaimalizia wapi?”

Swali hilo ni zito kuliko muuzaji anavyodhani. Ndege ya 1/72 hula mililita chache tu za rangi. Mkebe mdogo kabisa wa kijani cha kijeshi ukichanganywa na thina unatosha kundi zima la ndege, na thina ya magari ikipulizwa kwa wingi hula plastiki, kwa hiyo mtu hupuliza tabaka nyembambanyembamba na mkebe unazidi kudumu. Basi mwenye nusu lita ya kijani anaanza kufikiri: ni ndege zipi nyingine zilikuwa za rangi hii? Boksi lilileta rangi, sasa rangi inaleta maboksi.

Ongeza mambo ya nyumba zetu. Kupuliza rangi kunahitaji hewa, na hewa ya bedsita ni ileile unayolalia. Unapulizia kwenye baraza, ikiwa Aprili mvua haijakukatalia, ikiwa stima ipo ya kuendesha kompresa, na ikiwa mtoto wa jirani wa chini amelala. Hatua ya kuunganisha inawezekana mezani baada ya chakula. Ya kupaka rangi inahitaji siku nzima ya bahati. Ndiyo maana katika rundo la mtu wa Nairobi utakuta si maboksi ambayo hayajafunguliwa pekee, bali pia modeli nyingi zilizokwisha kuunganishwa na bado ni za kijivu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba boksi ambalo halijaundwa ni deni. Wengi hawalioni hivyo, na nadhani wana hoja. Boksi huuza kitu kabla ya plastiki: mchoro wa juu. Airfix walimpa kazi mchoraji Roy Cross kuanzia 1964 achore ndege na meli zikiwa katikati ya mapambano, na wanaume wazima hadi leo hununua maboksi ya wakati wake kwa ajili ya kifuniko. Chini ya kifuniko kuna mpango. Kampuni ya Roden ya Ukraine, kwa mfano, imetoa ndege ya abiria ya Super VC10 ya kipimo cha 1/144 yenye rangi za East African Airways, shirika lililoanza 1946 likafa 1977 pamoja na jumuiya ya wakati ule. Modeli hiyo ina urefu wa sentimita 36 hivi, injini nne zimebanana mkiani. Ndege halisi ziligawanywa usajili kati ya nchi tatu, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania. Mtu ambaye babake alikuwa akimpeleka Embakasi kuziangalia zikiruka atanunua moja bila kufikiri. Kisha atafikiri, na atanunua mbili zaidi, kwa sababu kuwa na 5Y bila wenzake wawili kunaonekana kama kuvunja jumuiya mara ya pili. Je, ataziunda zote? Labda moja. Lakini jioni nyingi ataketi na picha za zamani akitafuta mstari wa rangi ulipita juu au chini ya madirisha, na jioni hizo hazikupotea.

Kutafiti kwenyewe huchelewesha. Ndege ya Harvard ni modeli ya kawaida, ya mazoezi ya marubani, ya rangi ya njano kwenye vifuniko vingi. Lakini Harvard za Jeshi la Anga la Uingereza ndizo zilizorusha mabomu madogo msituni Nyandarua kuanzia 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, na ndege kubwa za mabomu za Lincoln zikafuata kutoka Eastleigh. Mtu wa hapa akilifungua boksi hilo ana swali ambalo mwenzake wa Birmingham hana: naiunda ya njano ya mafunzo, au ile iliyopita juu ya kwa babu? Nimeona watu wakiifunga tena na kuirudisha juu ya kabati, na hiyo pia ni sababu nzuri.

Kuna mipaka, na ni rahisi kuitambua. Boksi likianza kuletwa nyumbani ndani ya begi la ofisi ili mama watoto asilione, sababu zimekwisha. Karo ikichelewa kwa ajili ya kifaru, sababu zimekwisha. Zaidi ya hapo sioni dhambi, ingawa naona upotevu mmoja: stika. Plastiki hukaa miaka mingi bila neno, lakini stika za maji, zile alama zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, huwa za manjano na kupasuka, na matairi ya mpira laini yakikaa yamegusa plastiki huila. Stika zilizogeuka manjano huweza kuokolewa kwa kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzibandika dirishani jua lizipaushe siku kadhaa, zilizopasuka haziokoleki. Anayeweka akiba azitoe kwenye unyevu, azilaze bapa, na atenganishe matairi kwa mfuko mdogo.

Na kwa kuwa hesabu ya mwanzo inamaanisha kwamba wengi watayaacha maboksi kabla hawajayamaliza, kuna jambo la kufanya ambalo halihitaji nidhamu yoyote. Andika kwa penseli ndani ya kifuniko: bei uliyonunulia, mwaka, na kama kuna kipande kilichopotea. Piga picha na umwachie mtu wa nyumbani orodha kwenye simu yake. Familia isiyojua huuza rundo zima kwa bei ya kilo, au huwapa watoto wa jirani wakakate fremu siku moja. Boksi ambalo mifuko ya ndani haijafunguliwa bado lina mnunuzi; lililokatwa vipande vichache hushuka bei; lililopoteza stika hupata mnunuzi kwa taabu, hata likiwa kamili kwa vingine vyote.